Gundi ya Tyubu Mbili

Mimi nimepiga puti miaka thelathini na nne. Gari likigongwa ubavuni likawa kama kopo lililokanyagwa, wenzangu wananyoosha bati kwa nyundo, halafu naitwa mimi. Najaza mabonde kwa hiyo puti, napitisha msasa, rangi inapakwa juu, na mwenye gari akija anazunguka mara mbili anatafuta palipogongwa hapaoni. Ndiyo maana gereji waliniita Mzee Puti. Nilipostaafu sikupewa hata barua ya ahsante, jina ndilo nililoondoka nalo. Nalisema hili mapema ili isije ikaonekana kwamba aliyeiharibu ile injini ni mtu asiyejua kazi ya mikono.

Injini yenyewe ni ndogo, ya petroli, ya kuvutia maji. Mtu mmoja anaibeba, kama kiuno chake ni kizima. Ilikuwa ya mke wangu, kwa ajili ya kitalu chake cha miche nyuma ya nyumba. Matuta matatu: la kwanza miparachichi, la pili miti ya kivuli, la tatu, lile la mwisho kabisa karibu na ukuta, mipapai.

Hiyo mipapai nieleze, maana bila hiyo haya mengine hayana maana.

Mwezi mmoja kabla hajafa, chakula kilikuwa kimemshinda. Ukimpa uji anaushika tu mdomoni, anakuangalia, anautema kwa adabu. Siku moja akasema anataka papai. Nikamletea moja, kubwa, akala nusu, akalala, akaamka akala nusu iliyobaki. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Mbegu hakutaka zitupwe. Alizisugua kwa majivu pale pale kitandani, akanituma nizianike dirishani juu ya gazeti. Zilipokauka akataka nimtoe nje na kiti. Mimi nikawa najaza udongo kwenye viriba, vile vimfuko vyeusi vya miche, yeye anatia mbegu moja moja kwa kidole cha shahada ambacho wakati huo kilikuwa mfupa umevaa ngozi. Viriba mia tatu na themanini. Papai moja.

"Usiniharibie," akasema. "Mvua zikianza ugawe. Kila nyumba mche mmoja."

"Utagawa mwenyewe."

"Haya, nitagawa mwenyewe," akasema, vile unavyomkubalia mtoto.

Siku nne baadaye tulimpeleka hospitali. Wakasema kipimo chake kinafanywa kwa mashine iliyoko chumba kile pale, na mlango tukaonyeshwa. Mwenye ufunguo alikuwa semina. Semina ya siku tano. Alirudi siku ya tano na mkoba mpya wenye nembo ya semina begani, akanipita kwenye dirisha nikiwa natia saini kuchukua mwili. Mkubwa wao akaniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa na ule ufunguo.

Mbegu zikaota yeye hayupo.

Sasa maji. Bomba la mtaa wetu lilikatwa na watu wa barabara, walipokuja na mtambo wao kuchimba mtaro mbele ya nyumba zetu. Walichimba, wakakata bomba, wakaondoka. Mtaro umekaa miezi minne, una mdomo wazi, unasubiri sijui nini. Mtambo huo huo ndio ulioukanyaga mpira wangu wa maji ukasaga kipande kizima, kwa hiyo uliobaki ukiutoa kijitoni huko bondeni unaishia mwanzo wa kitalu, haufiki kwenye mipapai. Kutoka pale maji yanapita kwenye mfereji wa udongo alioulima marehemu mwenyewe kwa jembe dogo, unapita tuta la kwanza, la pili, mpaka la tatu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nasukuma injini kwenye toroli kuipeleka kijitoni. Wametuwekea ubao mmoja juu ya mtaro. Ubao mmoja, watu wazima na akili zao, na mihuri yao. Gurudumu likateleza, toroli likalala, injini ikaenda chini ya mtaro ikapiga jiwe.

Nilishuka kuitoa, na kupanda nayo kulinichukua muda ambao siwezi kuusema, maana kiuno changu kina shida yake. Nilipoiweka chini nikaona oili inachuruzika. Tumbo la injini, ile sehemu ya chini inamokaa oili, lilikuwa na ufa mrefu kama kidole.

Fundi wa injini kwetu tunamwita Pistoni. Alikuja, akachuchumaa, akapitisha kucha kwenye ufa.

"Mzee Puti, hii umeiua."

"Wameiua watu wa barabara. Ukiiwasha hivi?"

"Oili itaisha, injini itakamata, ndiyo mwisho wake. Tumbo jingine halipatikani, injini za aina hii hazija tena. Kuchomea hapa hakuna mwenye mashine ya kuchomea aluminiamu. Jaribu gundi ya chuma. Ile ya tyubu mbili."

"Itashika?"

"Ikikauka vizuri inashika. Nimeziba nayo nyingi. Unaipaka leo, unaiacha siku nzima, usiiguse, kesho unawasha."

"Siku nzima? Miche yangu ina kiu sasa hivi."

"Gundi haina haraka zako, mzee," Pistoni akasema, akapangusa mikono kwenye suruali, akaenda zake.

Gundi niliipata kwa mama muuza misumari. Nikaipeleka uani. Kazi ya kuandaa niliifanya vizuri, hata leo atakayekuja kunikosoa hapo tutagombana. Nilimwaga oili yote. Nikaosha kwa petroli mara tatu, mpaka kitambaa kikatoka kikavu na cheupe. Nikatoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili ufa usipate pa kuendelea. Nikapitisha msasa mpaka aluminiamu ikawaka kama kijiko kipya. Mikono ilikuwa inakumbuka yenyewe.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu. Ana kibanda cha kutoa fotokopi karibu na shule, na macho yake yamezoea kusoma kila karatasi inayopita mbele yake, ya kwake na isiyo yake.

"Shem, leo umegeuka fundi injini? Gari za watu umezimaliza?"

"Karibu. Usikanyage hapo."

Akaokota kikaratasi kilichotoka ndani ya boksi la gundi, kimekunjwa mara nane. "Hiki kina maandishi mbele na nyuma. Ngoja nikusomee."

"Cha nini? Lete hapa."

"Kuna sehemu wameandika kwa herufi nzito, nadhani wanaonya."

"Shemeji, mimi nilikuwa nachanganya vitu hivi wewe ukiwa unanyonya."

"Na mpaka leo hujajua kuosha kikombe." Akacheka. "Dada alikuwa anakusomea mpaka boksi la dawa ya mbu."

"Ndiyo. Na dada yako hayupo."

Nikakichukua kikaratasi mkononi mwake, nikakikunjua, nikakilaza juu ya kipande cha ubao, na juu yake ndiko nilikochanganyia gundi. Sisi wapiga puti tunachanganyia popote penye usawa, kadibodi, kioo, mgongo wa kalenda. Maandishi yakafunikwa.

Sasa nieleze nilichofanya, nisiseme uongo. Kwenye puti kuna puti yenyewe na kuna hadina, yaani dawa ya kukaushia. Hadina ndiyo inayoamua. Siku ya baridi unaongeza. Mwenye gari akiwa amesimama mlangoni anatikisa funguo, unaongeza zaidi. Kadiri unavyozidisha ndivyo inavyokauka upesi, mpaka ukichelewa inakugandia kwenye kibao. Hiyo naijua kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Tyubu moja ya ile gundi ilikuwa nyeusi, ya pili nyeupe, na rangi nyeupe nikajua ndiyo hadina. Nikakamua nyeusi kiasi. Nikaangalia jua, nikaangalia viriba kule ukutani. Nikakamua nyeupe yote.

"Mbona nyeupe imekuwa nyingi?" shemeji akauliza.

"Ili ikauke leo."

Nikakoroga, nikapaka, nikalainisha kwa kidole kilicholowa mate. Ilikaa juu ya ufa kama imezaliwa pale. Nikaisogeza injini juani kwa toroli, nikavua kofia yangu nikaikalia pembeni.

Basi likaanza lile jambo ambalo mpaka leo sijui nilielezeje. Jua lile lile. Upande huu wa ua nalitaka liwake zaidi, likaushe gundi. Upande ule, ukutani, naliona linavyoinamisha majani ya mipapai, moja baada ya jingine. Mpapai mchanga hauna uvumilivu. Shina lake ni maji matupu. Nikaenda chumbani nikatoa shuka za kitanda chake, nikazitandika juu ya fito kufanya kivuli. Zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa tangu siku ile. Nikarudi kwenye injini nikasukuma toroli kulifuata jua.

Jioni nikabonyeza gundi iliyobaki kwenye kikaratasi. Mpiga puti hagusi kazi yenyewe, anabonyeza mabaki. Kidole kikaingia, kikaacha alama.

"Kesho," nikajiambia.

Jumanne asubuhi nikabonyeza. Alama.

Nikateka maji kijitoni kwa ndoo ndogo. Kutoka kule mpaka kitaluni ni kupanda tu, napumzika mara tatu, na kila nikipumzika kiuno kinanikumbusha umri. Ndoo moja inalowesha viriba ishirini na kitu, tena kwa kudanganya. Nilipeleka ndoo nne. Ya tano ilibaki njiani, na mimi nikabaki nayo, nimekaa chini kama mzigo ulioshushwa. Majirani walikuwa wanapita na madumu yao, kila mtu anawahi kwake, wengine wazee kuliko mimi. Ningemwambia nani anibebee maji ya miche?

Nilipoweza kusimama nikaenda ofisi ya maji. Bosi hayupo. Kuna karani, kijana mwenye kola safi, amekaa chini ya feni.

"Mzee, malalamiko yanapokelewa kwa barua."

"Barua tumeleta. Mke wangu ameandika tatu."

Akafungua kabati, akapekua, akatoa faili. Kweli zilikuwemo. Nikauona mwandiko wake, ule wa kulalia kulia, na juu yake muhuri mwekundu: Imepokelewa. Imepokelewa. Imepokelewa.

"Mbona ziko vizuri tu," karani akasema. "Lakini hizi ni za zamani. Mwambie aandike nyingine, aeleze hali ya sasa."

"Amekufa."

"Oo. Pole sana mzee." Akagonga kalamu mezani. "Basi aandike mtu mwingine."

Nikamwomba zile barua tatu. Akasema haiwezekani, ni mali ya ofisi.

Nikarudi. Nikabonyeza gundi. Alama. Nikaita mtu akaniitie Pistoni, akaja jioni akigombana na simu yake, akaigusa ile kazi kwa ncha ya bisibisi. Ikabonyea.

"Hii imekuwa kama ubani wa kutafuna," akasema. "Ulichanganyaje?"

"Vizuri."

"Kwangu huwa inakauka mzee, jiwe kabisa."

"Basi hii ni feki. Wameacha mpaka wa nchi wazi, kila takataka inaingia. Wenye kukagua wako wapi? Wako semina."

"Labda," Pistoni akasema. Aliniangalia vile ambavyo mimi nilikuwa naangalia magari yasiyofaa tena kunyooshwa. "Ikwangue yote, safisha, paka nyingine, siku nzima tena."

"Siku nzima sina."

"Mimi ningekuwa nayo ningekupa," akasema, na nadhani alimaanisha.

Jumatano asubuhi nikainua shuka. Majani yalikuwa yamening'inia kwenye mashina kama nguo ndogo za mtoto kwenye kamba. Mengine yalikuwa na pembe za kahawia. Nikaikwangua ile gundi kwa kisu, haikutoka, ilivutika, ikarudi. Hata kutoka ilikataa. Nikaichukua hadithi yote kichwani nikaigeuza: nikisubiri, miche inakufa. Nikiwasha, labda gundi itashika nusu saa. Nusu saa ilikuwa inanitosha.

Shemeji alifunga kibanda akaja saa nne, amevaa raba na amejifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kupigana.

"Shem, nipe kazi."

"Chukua jembe. Ziba kwa udongo mdomo wa tuta la kwanza na la pili. Maji yote yaende kwenye mipapai."

"Na parachichi?"

"Parachichi zitavumilia. Ukimaliza simama juu uniambie maji yamefika wapi. Piga kelele, usione aibu."

"Aibu na wewe? Tangu lini?"

Tuliishusha injini bondeni kwa mikono, yeye mbele mimi nyuma, tukipumzika kila hatua kumi. Nikatumbukiza mdomo wa mpira kijitoni, nikajaza oili, nikaweka kopo chini ya ile gundi, nikavuta kamba. Iliwaka mara ya pili. Mpira ukajipinda, ukajaa, ukanyooka kupanda kilima kama mnyama aliyeamka.

Dakika ya kwanza hakuna kilichotoka. Dakika ya pili gundi ikaanza kung'aa. Injini ikipata moto na oili inapata moto, na ile takataka ikawa inalainika zaidi badala ya kushika. Tone la kwanza likaanguka kwenye kopo. Halafu la pili. Halafu sikuweza kuhesabu tena.

"Yametoka!" shemeji akapiga kelele huko juu. "Yameingia kwenye mfereji!"

"Yanaenda?"

"Yanaenda lakini yananywewa! Udongo umekauka huu, Shem, umepasuka!"

Hilo sikulifikiria. Mfereji ulikuwa haujapata maji tangu Jumapili, nao ulikuwa na kiu yake. Kopo likafika nusu. Nikazima. Huwezi kurudisha oili injini ikiwa inazunguka, inakurukia usoni. Lakini ukizima, maji yote yaliyomo kwenye mpira yanarudi kijitoni, yanashuka kilima yakicheka, na ukiwasha unaanza upya kutoka chini.

Nikamimina oili ndani kwa haraka, nyingine ikamwagika kwenye vidole. Nikavuta kamba. Ikawaka.

"Yamepita tuta la kwanza!"

Nikazima tena. Nikamimina. Sasa ilikuwa imebaki kidogo, maana kila mara inamwagika pembeni, na ile gundi ilikuwa imeachia upande mmoja inacheza kama mdomo. Nikaibana kwa kidole gumba. Ilikuwa ya moto, lakini nilibana. Nikavuta kamba kwa mkono wa pili. Mara tatu. Mara nne. Ikawaka.

"La pili! Shem, yamepita la pili!"

Mtu akisoma hapa aniambie angefanya nini. Oili ilikuwa inapita kati ya vidole vyangu inatiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Sauti ya injini ilikuwa imebadilika, ina ukavu ndani yake, kama mtu anayeongea baada ya kukohoa sana. Nilijua sauti ile. Kuzima ilikuwa ni kuokoa injini, na kuanza upya kutoka chini, na oili hakuna. Kutozima ilikuwa ni hatua chache tu za mfereji.

"Yanakuja! Yanakuja! Hayo hapo, hayo hapo!"

Sikuzima.

Injini ikapiga kelele mara moja, kitu kama chuma kinachokataa, ikasimama. Haikufifia, ilisimama papo hapo, ikaruka chini ya mkono wangu. Kukawa kimya. Nikasikia maji yanarudi ndani ya mpira, yanashuka kilima.

"Mbona umezima?" shemeji akaita. "Shem? Washa! Yamefika mlangoni!"

Nikavuta kamba. Haikwenda hata unywele. Nikaweka mguu nikavuta kwa mwili mzima, mpaka kiuno kikaniangusha chali pale kwenye matope. Nikalala naangalia mbingu. Haikuwa na hata wingu moja la kusingizia.

Nilipopanda juu, shemeji alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa tuta la tatu, anachota kwa viganja maji ya mwisho yaliyosimama kwenye mfereji, anayamwagia viriba vya mstari wa mbele. Uso wake ulikuwa na matope. Mstari mmoja ulikuwa umelowa. Nyuma yake mistari kumi na nane ilikuwa mikavu.

"Yangefika," akasema bila kuniangalia. "Yalikuwa yanakuja vizuri tu."

Mchana kutwa alibeba ndoo yeye. Mimi nilikaa kwenye kile kiti alichokalia dada yake, siwezi kusimama, namwelekeza mwanamke anayebeba maji kwamba amwagie huku, hapana kule, hapana usiyamwage yote hapo. Akanivumilia. Saa kumi akakaa chini akaangalia viganja vyake vilivyochubuka na mshikio wa ndoo.

"Shem, nina kazi kesho."

"Najua."

"Nitakuja Jumamosi."

"Njoo."

Alhamisi na Ijumaa sitaziandika sana. Niliamka nikaviangalia viriba. Nilikuwa na dumu moja la maji ya kunywa, nikagawana na miche. Unamimina kikombe kwenye kiriba kimoja huku vingine vyote vinakutazama. Nikajaribu kukumbuka marehemu alianza kupanda upande gani, ili angalau niokoe kile cha kwanza au kile cha mwisho. Sikukumbuka. Nilikuwa natazama udongo siku ile, sikumtazama yeye.

Jumamosi shemeji alikuja. Katika ule mstari uliolowa, miche kumi na mmoja ilikuwa bado imesimama. Hiyo mingine ukigusa shina linalala kwenye kidole. Shemeji alianza kukusanya zile shuka kwenye fito, akazikung'uta, akazikunja. Halafu akaenda pale uani nilipoacha vifaa, akaanza kupanga: msasa, kisu, kitambaa. Akaokota kile kipande cha ubao na kikaratasi kimegandia juu yake na mabaki ya gundi.

Aliigusa kwa kidole. Ikaacha alama. Siku ya sita.

Akakishika pembeni, akakibandua taratibu kama mtu anayetoa bandeji kwenye kidonda cha mwenzake. Gundi ilivutika, nyingine ikabaki kwenye ubao, nyingine ikaja na karatasi, lakini herufi nzito zilionekana kwa chini, zimelowa mafuta. Akakiinua kwenye mwanga. Nikaona midomo yake inakwenda.

"Wameandika nini?" nikauliza.

"Basi tu, Shem. Maneno yao."

"Soma."

"Imeshapita."

"Soma, shemeji."

Akasafisha koo. "Changanya sawa kwa sawa. Nyeusi kiasi hiki, nyeupe kiasi hicho hicho. Usizidishe upande wowote."

"Endelea."

"Ukizidisha, haitakauka."

"Haitakauka upesi?"

"Hawajaandika upesi. Wameandika haitakauka."

Nilifungua mdomo kusema kitu. Nilikuwa nacho tayari, kuhusu watu wanaoandika mambo makubwa kwa herufi za sisimizi, kwa lugha za watu, wakakunja mara nane wakatia ndani ya boksi. Kuhusu anayeruhusu. Kuhusu ubao mmoja juu ya mtaro, na mwenye ufunguo na mkoba wake. Yote hayo ni kweli na sitayaondoa hata moja. Lakini yalikuja mpaka kwenye meno yakakosa pa kutokea.

"Herufi ni ndogo kweli," shemeji akasema. "Hata mimi naona tabu."

Alikuwa ananionea huruma. Dada yake hakuwa hivyo, angeniambia tu, si nilikwambia, halafu angeenda kuweka maji ya chai.

Nikavuta kile kiti nikakaa.

"Soma tena," nikamwambia. "Anzia juu. Polepole."

Akakaa chini karibu na miguu yangu, akakisogeza kikaratasi machoni, akaanza kwenye neno la kwanza.